Kitufe Kilichokataa Kulala Bapa

Sogeeni. Mwenye kikombe akiweke chini, mwenye simu aigeuze kifudifudi, maana hadithi hii ni ya simu na sitaki ishindane nayo. Nina wanawake watatu na zawadi moja isiyokatika vipande. Mwisho nitawauliza swali, na atakayenijibu "sijui" atarudi kwao bila kuagwa.

Mji ni Korogwe, chini ya milima ya Usambara. Wanawake hao walifanya kazi chumba kimoja, ghorofani, juu ya duka la mbolea. Wa kwanza ni Mwantumu, na kipawa chake kilikuwa sikio. Ukimwambia "nzuri," Mwantumu alisikia kama ni nzuri ya kweli au ni ile ya kumsindikiza mgeni kwa adabu aende zake. Wa pili ni Kidawa, na kipawa chake kilikuwa jicho. Baba yake alikuwa fundi wa kuandika mabango ya maduka, zile herufi nene zenye kivuli ubavuni ambazo huonekana kama zimetoka ukutani, na Kidawa alijua kuchora kivuli cha herufi kabla hajajua kuisoma. Wa tatu ni Eliwaza, binti wa Kipare, na kipawa chake kilikuwa mkono. Alichokiandika Eliwaza kwenye kompyuta kilifanya kazi hata katika simu ambayo mwenyewe ameshaikatia tamaa.

Mimi nitakaa zaidi begani kwa Kidawa, kwa hiyo jueni lake moja mapema. Jina lake alipewa na bibi aliyemlea, na lilikuwa jina la bibi mwenyewe. Bibi alishafariki. Kidawa alibeba mimba, ikatoka, akabeba tena, nayo ikatoka, na daktari akamwambia asijaribu zaidi. Ndugu zake walipozaa mabinti waliwapa majina ya kwenye tamthilia. "Mimi nikifa, Kidawa kafa," alizoea kusema, na hakuwa akilia anaposema hivyo. Alikuwa na hasira.

Kazi yao ilikuwa programu ya simu iitwayo Niitie. Mjamzito aliyeko mlimani, uchungu ukimshika, aifungue Niitie na kubonyeza kitufe kimoja tu, chekundu, kilichoandikwa UCHUNGU UMEANZA. Hapo kituo cha afya kingepata habari na kujua yuko wapi, na gari lingeondoka. Ndiyo hiyo tu. Ni jambo jepesi kulieleza, na wepesi huo ungewaua watu, maana hakuna aliyetazama ugumu wake.

Meneja wao, Bwana Mnkande, alikuwa mtu wa mashati yaliyopigwa pasi mpaka mikono inasimama yenyewe. Alikuwa ametoka semina nchi za nje, na kutoka huko alirudi na neno moja: bapa. Kila kitu kwenye kioo cha simu kiwe bapa. Rangi tupu, pembe safi, hakuna kivuli wala mwinuko.

"Vivuli ni mambo ya simu za zamani," alisema. "Siku hizi dunia nzima imelala bapa."

"Milima ya huku kwetu haijapata hizo taarifa, Bosi," Kidawa alimjibu.

Wenzake walicheka. Bosi hakucheka, na kitufe kikachorwa bapa.

Sasa msikilizeni Mwantumu. Alitumwa mlimani na simu ya majaribio pamoja na maswali aliyoandikiwa ofisini: Je, umeipenda? Je, ni rahisi kutumia? Nyumba ya kwanza aliuliza, akajibiwa "nzuri sana, mwanangu." Nyumba ya pili vilevile, na juu yake akapewa mkungu wa ndizi. Mwantumu aliisikiliza ile "nzuri sana" akaona haina kitu ndani. Ndizi alizipokea. Maswali aliyakunja, akayatia mkobani, akakataa kabisa kuyauliza tena.

Badala yake alimpa mwanamke simu mkononi na kumwambia, "Chukulia uchungu umekushika sasa hivi." Kisha alinyamaza. Kunyamaza mbele ya mwenyeji wako ni kazi ngumu, ninyi mnajua, mtu hutamani aseme chochote hata habari za mvua. Mwantumu alinyamaza mpaka watu wakaona haya kwa niaba yake. Na katika kunyamaza huko aliona. Kila mwanamke aliichukua simu, akasoma yale maneno kwa sauti, vizuri kabisa, kisha akairudisha na kusema, "Haya, nimesoma." Hakuna aliyebonyeza.

Katika kijiji cha Kwemgoto, mwanamke mmoja kijana, Sauda, mwenye mimba changa, hakusoma hata. Aliigeuza simu haraka ikatazama chini.

"Mbona umeigeuza, dada?" Mwantumu aliuliza.

"Nyekundu ya kupakwa namna hiyo tuliiona kwenye nyumba za kando ya barabara," Sauda alisema. "Walipita wakapaka. Waliorudi walikuja kubomoa."

Mwantumu alishuka mlima akiwa amewaka. "Bosi, hawabonyezi," alisema hata kabla ya salamu. "Wanadhani ni tangazo. Wanalisoma, basi."

"Waelimishwe," alisema Bwana Mnkande.

"Mwenye uchungu haelimishwi, Bosi. Anatafuta pa kushika."

Bwana Mnkande alimwambia aandike kwamba wanawake wameipenda, kwa kuwa wafadhili walikuwa wakisubiri taarifa. Mwantumu alisema haandiki. Hakuongeza "samahani" wala "labda." Kesho yake alikutwa amehamishiwa mapokezi, kazi yake kuitikia simu za watu waliokosea namba. Lakini maneno yake mawili, pa kushika, yalikuwa yameshaingia kichwani kwa Kidawa, na Bosi hakuwa na namna ya kuyahamishia mapokezi.

Ndipo jicho likaingia kazini. Kidawa aliambiwa asiguse kitufe, naye akakigusa. Aliweka kiberiti juu ya simu yake mezani, akakitazama kivuli kilivyoanguka, akakichora vilevile kilivyo, kwa uaminifu wa mtoto wa fundi. Sasa sikilizeni kosa lake, maana ni kosa ambalo wangelifanya watu wa chumba kile tu. Mle ndani wote walikaa wameupa mgongo dirisha, ili mwanga usiwapige kwenye kioo. Mwanga uliwatokea nyuma, ukapita mabegani, na kivuli cha kiberiti kikaangukia upande wa mbali naye, ambao kwenye kioo ndio wa juu. Kidawa akakichora upande wa juu. Wenzake walipita wakasifu, kwa sababu nao walikaa vilevile.

Mwantumu aliomba ruhusa ya kwenda msibani, akapanda mlima badala yake, na aliporudi uso wake haukuwa na habari njema.

"Wanasema ni shimo," alimwambia Kidawa. "Wanaona kimezama. Wanadhani mtu mwingine ameshakibonyeza, na wao hawataki kumvurugia."

Bwana Mnkande alisikia na akafurahi waziwazi. "Si nilisema mimi?" Kidawa aliona aibu, aibu ya kweli, ya kutaka kujifungia chumbani. Baba yake hakuwahi kuandika herufi iliyoonekana shimo.

Jumamosi ile shangazi yake alimtuma kwa fundi wa vyuma, chuma cha vitumbua kimekatika mpini. Kidawa hakutaka kukibeba, kizito, kina masizi. Alikipiga picha. Alipofika alimnyooshea fundi simu kutoka upande wa pili wa meza, picha ikiwa juu chini.

"Mpini naweza," fundi alisema, "ila hivi vichuguu ni vya nini?"

"Vichuguu gani? Hivyo ni vishimo vya kumiminia."

"Vishimo? Mama, hivi vimevimba."

Kidawa alizunguka meza akasimama upande wa fundi. Kweli vilikuwa vimevimba. Akaigeuza simu, vikazama. Akaigeuza tena, vikavimba. Akafanya hivyo mpaka fundi akadhani mteja wake ana matatizo. Jicho la mtu halijui habari za dirisha la ofisini. Jicho linaamini mwanga unatoka juu, kwenye jua, popote lilipo. Kivuli kikiwa chini, kitu kimetokeza. Kikiwa juu, kitu kimezama.

Alirudi akachora upya, na safari hii alichora kwa ukali. Aliweka mwanga mwembamba kwenye ukingo wa juu na kivuli chini yake, kivuli cheusi cha baba yake, cha kuonekana mchana wa jua kali. Vivuli vya kijivu vyenye kuona haya havikuwa vyake. Kisha akaongeza jambo ambalo hakuna aliyemwomba: kitufe kikibonyezwa, kivuli kinatoweka, kitufe kinazama na kubaki kimezama, ili mbonyezaji ajue kwamba amepokelewa.

"Kitoke," Bwana Mnkande aliamuru.

"Mimi kazi yangu ni kuchora, na nimechora," Kidawa alisema. "Anayetaka kifutwe, akifute kwa mkono wake."

Bosi hakujua namna ya kukifuta, na kila mtu mle ndani alijua kwamba hajui. Alichoweza ni kumwondoa Kidawa kwenye Niitie na kumpa kazi ya kuchora kalenda za wafadhili.

Amri ya kufuta ikamwangukia Eliwaza. Na hapa, kusema haki, Bosi alipata hoja. Kivuli ni kizito kwa simu. Simu za mlimani ni zile zilizotoka kwa kaka zikaenda kwa dada zikaishia kwa mama mkwe, na kila zilipojaribu kukikokotoa kivuli cha Kidawa ziliganda. "Unaona?" alisema Bwana Mnkande. "Hata simu zenyewe zinakikataa."

Eliwaza hakubishana. Yeye hupendelea kubishana kwa mikono. Alikichukua kivuli akakikata vipande vyembamba, kila kimoja kimepauka kuliko mwenzake, akavifunga ndani ya programu vikiwa tayari, visiwe na hesabu yoyote. Simu ikawa haihangaiki tena. Inatandika tu, kama mtu anayetandika mkeka uliokwisha fumwa. Alijaribu kwenye simu ya mlinzi wa duka la mbolea, kioo kimepasuka, nyuma imefungwa kwa mpira, na kitufe kikatokeza, kikabonyezwa, kikazama bila kusita.

Miezi ilipita, na siku ya kuitoa programu kwa watu Bosi alisema itoke ile bapa. Eliwaza akaitoa yenye kivuli, mchana, mlango uko wazi. Kisha akaenda mwenyewe kumwambia.

"Bosi, nimeitoa. Yenye kivuli."

"Kwa ruhusa ya nani?"

"Yangu."

Alifukuzwa kazi palepale. Alichukua kikombe chake, akashuka ngazi, akapita mbele ya duka la mbolea kichwa juu. Bwana Mnkande alianza kutafuta mtu wa kuirudisha ile bapa, na alipokuwa bado anatafuta, uchungu wa Sauda ulianza.

Ilikuwa mchana wa mvua kule Kwemgoto. Mume wa Sauda alikuwa ameteremka sokoni Mombo. Nyumbani alibaki mama mkwe, Bi Tunu, mwanamke ambaye hakuwahi kusoma na hakuwahi kushika simu ya tachi maishani mwake. Sauda, ambaye nyekundu iliyotokeza haikumtisha tena kama ile ya kupakwa, aliifungua Niitie, uchungu ukampiga, simu ikamtoka mkononi, naye akaanguka kando ya mafiga. Hakuweza kusema neno. Bi Tunu aliiokota simu. Maneno hakuyajua. Alichoona ni kitu chekundu kimetokeza kama kinachomsubiri, naye akakisukuma kwa dole gumba. Kikazama.

"Kimeingia," alisema, na akaenda kumshika mkwewe.

Gari lilipanda kwenye matope likafika. Mtoto alikuwa amekaa vibaya tumboni, na mkunga alisema baadaye kwamba wangechelewa kidogo tu, wangewaosha wawili. Hawakuoshwa. Mama alipona, na mtoto wa kike akalia kwa sauti iliyomtoa dereva ndani ya gari lake.

Sasa ndiyo zawadi. Katika ukoo wa Bi Tunu, mtoto aliyenusurika hupewa jina la aliyemrudisha kutoka kifoni. Mtu huyo anakuwa somo wake maisha yote: haendi mtoto shule wala haolewi bila somo wake kujua, na siku somo anapokufa, yule mtoto ndiye anayemfumba macho. Jina ni moja. "Mtoto akiitwa na wawili ataitika wapi?" husema wao. Na jina hutajwa arobaini, mlangoni, mtoto anapotolewa nje kwa mara ya kwanza.

Wote watatu walialikwa Kwemgoto. Bwana Mnkande hakualikwa, akaja, tena na fulana za bure zenye nembo. Alisimama kabla hata pilau halijapakuliwa, akasema kwamba kwa kuwa hii ni kazi ya taasisi nzima, ingependeza mtoto aitwe Niitie.

"Mjukuu wangu si programu," Bi Tunu alimwambia. "Kaa ule."

Akakaa akala.

Bi Tunu akawageukia wale watatu. "Nimeulizia," alisema. "Kingekuwa bapa, mimi ningekiona picha, ningeweka simu chini. Kingekuwa shimo nisingekigusa. Simu ingeganda mkononi mwangu ningeitupa kwenye matope. Nimeambiwa kila mmoja wenu alikataa amri ndipo kikafika kwangu. Haya, jina la nani?"

Hapo watu walijua kitakachofuata. Wanawake wenye adabu wangesema "mimi siyo, mpeni mwenzangu," wangesukumiana mpaka pilau lipoe. Kidawa mwenyewe alikuwa ameyaandaa maneno hayo njiani, ameyapanga vizuri.

Mwantumu akasimama. "Mimi nalitaka," alisema. "Ofisi nzima ilikuwa imeshasikia 'nzuri sana' na imefurahi. Nisingekataa kuuliza yale maswali, hawa wangekuwa wanachora maua mpaka leo. Kasoro haina tiba mpaka mtu aione."

Eliwaza akasimama. "Mimi nalitaka. Mwantumu, uliona jambo, sawa. Kidawa, ukachora jambo, sawa. Lakini mchoro ulioko ofisini hauwezi kumwita dereva. Mimi ndiye niliyeufikisha, na ni mimi tu ambaye leo sina kazi."

Mzee mmoja wa pembeni alinong'ona kwa sauti ya kusikika, "Eliwaza? Jina la Kikristo, nyumba hii?"

"Gari lilipokuja hatukuliuliza kama limebatizwa," Bi Tunu alisema bila kugeuka.

Macho yote yakaja kwa Kidawa. Yale maneno ya adabu yalimfika mdomoni, akayameza. "Nami nalitaka," alisema, "tena kuliko hawa wote. Kitufe hicho kilitokeza kwa mkono wangu na kikazama kwa mkono wangu. Na mimi sina mtoto, sitakuwa naye. Jina hili lilikuwa la bibi yangu. Nikiondoka mimi, hakuna mtu duniani atakayeitikia akiitwa hivyo."

Mwantumu alimtazama rafiki yake kwa huruma, lakini hakulegea. "Hiyo ni haja yako, Kidawa," alisema. "Haja siyo haki. Na kivuli chako cha kwanza kilikuwa shimo. Nani alikuletea habari?"

"Wewe," alisema Kidawa. "Na shimo nililichora mimi, sikatai. Na kulifukia nililifukia mimi. Haja yangu naijua si haki. Bado nalitaka, na sitainamisha macho ili nionekane mwema."

Na kweli hakuyainamisha. Sauda, aliyekuwa ameketi mlangoni, aliwatazama wote watatu, akalia, akasema angekuwa amezaa watatu angemaliza kazi. Hakuzaa watatu.

Bi Tunu akamchukua mtoto. Akasogea kizingitini. Mguu mmoja ukatoka nje, mmoja ukabaki ndani, na jua la mlimani likampiga mtoto usoni akakunja uso.

Naishia hapo. Na msiniambie apewe majina yote matatu, ukoo umeshakataa. Msiniambie wapige kura, wala msiniambie kila mmoja ana haki kwa namna yake, hayo ni maneno ya Bwana Mnkande. Aliyekataa kuuliza, aliyekataa kufuta, na aliyekataa kutii: mmoja wao atafumbwa macho na mtoto huyu, na wawili watashuka mlima bila kitu. Kidawa amesimama hapo, hajainamisha macho, anasikiliza kama jina lake litatajwa, na kama ni mtoto atakayeitika.

Je, wewe ungeamua vipi? Sema sasa, maana Bi Tunu ana mguu mmoja nje, na mtoto ameanza kufungua macho.